Wahojiwa watatu waliopotea kwenye jedwali

Sura ya tatu ya tasnifu ya mwanafunzi ninayemsimamia ilisema wahojiwa walikuwa 60. Jedwali la kwanza la sura ya nne, ukijumlisha safu zake zote, lilitoa 57. Nilijumlisha mara ya pili kwa kidole, mara ya tatu kwa kikokotoo, nikapata 57 ileile. Ilikuwa saa nne usiku, rasimu ya kurasa 94 iko mbele yangu, na asubuhi yake nilikuwa na mhadhara wa saa mbili ambao slaidi zake sikuwa nimezigusa tangu mwaka uliopita.

Watatu wamekwenda wapi?

Nikafungua kiambatisho, mahali alipoweka majibu ghafi kwa namba, maana wahojiwa hawatajwi majina. 15, 16, 18. Hakuna 17. Nikateremka. 30, 32. Karibu na mwisho, 51, 53. Namba 17, namba 31 na namba 52 walikuwa wameondolewa, na katika tasnifu nzima hapakuwa na sentensi hata moja inayoeleza sababu.

Ningeweza kuzungushia ile 60 duara, nikaandika pembeni "rekebisha idadi", nikaenda kulala. Wasimamizi wengi wangefanya hivyo, na sina ulimi wa kuwalaumu kwa sababu nami nimewahi kufanya. Mwanafunzi angebadili 60 ikawa 57, hesabu zikapatana, mtahini asingeona kitu. Funika kombe mwanaharamu apite. Lakini usiku ule nilishindwa kufunika. Nilikaa na zile namba tatu mpaka usiku wa manane, nikisoma tena hojaji yake swali kwa swali, nikitafuta ni jibu gani lingemfanya mtu aliyehangaika miezi kuzikusanya data zake atupe watatu gizani.

Wiki hiyohiyo nilikuwa najaza fomu ya kuomba kupandishwa cheo. Aliyewahi kujaza fomu ya aina hii anajua inavyochosha. Machapisho yana kurasa nzima nzima: jina la makala, jina la jarida, mwaka, juzuu, toleo, waandishi ni wangapi na wewe ni wa ngapi, imenukuliwa mara ngapi, na pembeni safu nyembamba ya pointi. Ufundishaji una nusu ukurasa: taja kozi, taja saa, taja wastani wa alama ulizopewa na wanafunzi. Usimamizi wa tasnifu una kisanduku kimoja chenye upana wa kidole gumba, juu yake pameandikwa "Idadi ya waliohitimu". Mwanafunzi wangu alikuwa bado hajahitimu. Kwa hiyo usiku ule, pamoja na miezi kumi na mitano iliyoutangulia, ulikuwa sifuri.

Ndiyo sababu naandika. Tukizungumzia matatizo ya vyuo vikuu tumezoea kuyagawa mafungu mawili. Huku kuna ya utafiti: fedha hazitoshi, maabara ni kuukuu, majarida ni ghali. Kule kuna ya ufundishaji: wanafunzi ni wengi, kumbi ni ndogo, mitaala imezeeka. Yote ni kweli na nimeyaishi. Lakini tatizo linaloniuma zaidi limekaa katikati, pale ambapo mtu mmoja mwenye ujuzi na mtu mmoja anayejifunza wameinamia karatasi moja na hakuna kati yao anayejua jibu. Hapo utafiti na ufundishaji ni kazi moja. Na hapo ndipo pasipo na safu kwenye fomu.

Wazo la kwamba kazi hizi mbili ni moja lina miaka zaidi ya 200. Chuo Kikuu cha Berlin kilipofunguliwa mwaka 1810, mwanzilishi wake, Wilhelm von Humboldt, alikuwa ameshaandika kwamba shule hushughulika na elimu iliyokwisha kupatikana, ila chuo kikuu hakina budi kuichukulia elimu kama swali ambalo bado halijajibiwa. Akaongeza jambo ambalo kila nikilisoma linanisimamisha: chuoni mwalimu hayupo kwa ajili ya mwanafunzi, bali wote wawili wapo kwa ajili ya elimu. Vyuo vingi duniani vilijengwa juu ya wazo hilo, au angalau juu ya maneno yake. Ndiyo maana mkataba wa mhadhiri mara nyingi unataja utafiti na ufundishaji, kisha huduma kwa jamii, kana kwamba ni vidole vya mkono mmoja.

Halafu mwaka 1996 watafiti wa elimu John Hattie na Herbert Marsh wakakusanya tafiti 58 zilizowahi kulinganisha utafiti na ufundishaji wa wahadhiri, wakakokotoa uhusiano wa kitakwimu kati ya mambo hayo mawili. Wakapata 0.06. Kwa asiyezoea takwimu, kipimo hiki huenda mpaka 1 pale ambapo kimoja kikipanda na kingine hupanda naye bega kwa bega. 0.06 ni jirani wa sifuri. Mtafiti hodari haonekani kuwa mwalimu bora kuliko mwenzake, wala mbaya kuliko mwenzake.

Nimeisikia namba hiyo ikitumiwa kwenye vikao kama nyundo. Mshika mbili moja humponyoka, wanasema, basi tuwatenganishe: hawa wafundishe, hawa wachunguze. Wanaosema hivyo hawaisomi makala mpaka mwisho. Hattie na Marsh wenyewe walihitimisha kwamba chuo kinachotaka uhusiano huo uwepo hakina budi kuujenga kwa makusudi. Nami naongeza langu. Tafiti za namna hii, kwa sehemu kubwa, hupima utafiti kwa kuhesabu machapisho na hupima ufundishaji kwa alama ambazo wanafunzi huwapa walimu wao. Ukiweka mizani milango miwili ya nyumba, hutajua kinachotendeka sebuleni.

Asubuhi ile nilikwenda kwenye mhadhara wangu na slaidi zilezile za zamani. Ukumbi una viti vilivyofungiwa sakafuni vikitazama mbele, mstari baada ya mstari, na kipaza sauti kinachokatika ukigeuka kuandika ubaoni. Nilizungumza saa mbili. Waliokaa mstari wa pili waliandika kila nilichosema. Waliokaa nyuma sikuwaona nyuso. Mwishoni niliuliza kama kuna swali, kimya, nikaondoka. Ni mhadhara wa kawaida kabisa, na niliufundisha vibaya.

Najua niliufundisha vibaya kwa sababu ushahidi umejaa, na si wa jana. Eric Mazur alikuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard, wanafunzi wakimpenda na wakifaulu mitihani yake migumu. Mwaka 1990 akawapa jaribio la maswali mepesi kuhusu kani, maswali yasiyohitaji fomula. Kwa mfano: lori zito likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma jenzake kwa nguvu zaidi? Nguvu ni sawa, na kanuni inayosema hivyo wote walikuwa wameikariri. Mwanafunzi mmoja akamuuliza: Profesa, nijibu kwa namna ulivyotufundisha, au kwa namna mimi mwenyewe ninavyofikiri?

Sijui swali zito kuliko hilo ambalo mwanafunzi anaweza kumuuliza mwalimu. Maana yake ni kwamba muhula mzima mafundisho yalikaa upande mmoja wa kichwa na imani yake upande mwingine, yasisalimiane. Mazur alibadili ufundishaji wake. Akaanza kuuliza swali katikati ya mhadhara, kila mmoja anajibu peke yake, kisha wanageukiana na jirani kubishana, kisha wanajibu tena. Mwaka 2014 Scott Freeman na wenzake walichapisha uchambuzi wa tafiti 225 katika masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati: wanafunzi waliofundishwa kwa mhadhara mtupu walikuwa na uwezekano wa kufeli mara moja na nusu ya wale walioshughulishwa darasani. Ingekuwa ni dawa, hospitali ingekwisha kuacha ile ya zamani.

Kwa nini basi nilisimama pale nikazungumza saa mbili? Jibu la haraka ni muda, na ni la kweli: kuandaa maswali mazuri matano ya kubishaniwa kunanichukua siku mbili, na slaidi za zamani hazinichukui hata dakika. Lakini kuna jibu la pili ambalo hatulisemi sana. Mwaka 2019 kundi la watafiti, likiongozwa na Louis Deslauriers, lilipima jambo hili katika madarasa ya fizikia ya Harvard hiyohiyo. Wanafunzi walioshughulishwa walijifunza zaidi, ila wao wenyewe walihisi wamejifunza kidogo kuliko waliosikiliza mhadhara laini wa mwalimu fasaha. Kufikiri kunachosha, na aliyechoka huona kama amekwama. Sasa rudi kwenye ile nusu ukurasa ya fomu yangu: taja wastani wa alama ulizopewa na wanafunzi. Mwalimu anayewafikirisha anaweza kupewa alama ndogo kwa sababu amewafikirisha. Mwaka ambao nilijaribu kubadili darasa langu, wastani wangu ulishuka. Mwaka uliofuata nilirudi kwenye slaidi. Nilirudi kwa woga, na ninajuta.

Mwanafunzi wangu alikuja mchana.

Alibisha mlango kwa kucha mbili, kama anavyobisha siku zote, akakaa ukingoni mwa kiti na mkoba mapajani. Nilimgeuzia kiambatisho, nikaweka kalamu kati ya 16 na 18. Sikusema kitu. Akaangalia, akanyamaza muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Walikuwa wanaharibu jedwali, Mwalimu."

Utafiti wake ulihusu mahudhurio. Nadharia tete yake ilikuwa kwamba kadiri mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anavyohudhuria mihadhara, ndivyo anavyofaulu. Hamsini na saba walimtii vizuri. Watatu walimkatalia. Walikuwa wamehudhuria mara chache kuliko karibu wote, na alama zao zilikuwa miongoni mwa zilizo juu kabisa.

"Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani wamedanganya kwenye hojaji."

"Uliwauliza?"

Hakujibu. Kisha akasema jambo ambalo ndilo lililonifanya nikeshe usiku wa pili, na ndilo chimbuko la makala hii. "Mwalimu, makala zote nilizosoma kwa ajili ya sura ya pili, matokeo yanakubali. Hakuna hata moja iliyokataa. Nikaona ya kwangu ndiyo yenye kasoro."

Ningemwambia nini? Alikuwa amesoma maandishi ya taaluma yake kwa uaminifu, na maandishi yenyewe yalikuwa yamemfundisha kuficha. Majarida hupenda matokeo yanayokubali, na yaliyokataa hubaki kwenye madroo. Mwaka 2015 watafiti wengi walioungana kwa kazi hiyo walichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Katika tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa zimetangaza matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Ziliporudiwa, ni asilimia 36 tu zilizoyapata tena. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi, na udanganyifu wa wazi ni sehemu ndogo. Sehemu nyingine ni mambo madogo madogo yanayofanywa na watu waadilifu waliochoka: mhojiwa mmoja huondolewa hapa, kipimo kingine hubadilishwa pale, jaribio lililogoma halitajwi. Namba 17, 31 na 52.

Kwa hiyo nilipokuwa namtazama binti yule, sikuwa namtazama mkosaji. Nilikuwa natazama shinikizo lilelile linalotukaba sisi wakubwa zake, limeshafika kwa mtu ambaye hajachapisha hata neno. Wote tumelelewa kuhesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alipendekeza kipimo cha h: ukiwa na makala 10 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 10, h yako ni 10. Ni kipimo rahisi na chenye akili, ila leo namba hiyo inatajwa kwenye usaili wa kazi kabla hajatokea mtu wa kuuliza makala hizo zilisema nini. Peter Higgs, ambaye makala yake fupi ya mwaka 1964 ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2013, alisema mwaka huohuo kwamba kwa utaratibu wa siku hizi asingepata kazi chuoni, kwa kuwa asingeonekana mzalishaji wa kutosha. Baada ya 1964 alichapisha makala zisizofika kumi. Idara yake ilipomwandikia kutaka orodha ya machapisho yake ya karibuni, alikuwa akijibu kwamba hana.

Na palipo na njaa ya machapisho hapakosi muuzaji. Barua pepe za majarida ya kitapeli huniamsha kila asubuhi, zikiniita mtaalamu mashuhuri wa fani ambayo sijawahi kuisomea, zikiahidi kuchapisha ndani ya siku kumi kwa malipo. Mwandishi John Bohannon alitunga makala ya uongo yenye makosa ya wazi ya kisayansi, akaituma kwa majarida 304, na mwaka 2013 akatangaza kwamba 157 yaliikubali. Wanaonaswa si wajinga. Ni mhadhiri kijana mwenye madarasa manne, mkataba wa miaka miwili na fomu inayosema "angalau makala tatu". Ambaye hajawahi kukaa ndani ya hesabu hiyo asiharakishe kumhukumu.

Sijasema kuhusu akili mnemba, na wasomaji watauliza. Tangu programu za kuandika zilipowafikia watu wote mwishoni mwa 2022, napokea rasimu ambazo hazina kosa la tahajia wala la sarufi, na hazina mtu ndani yake. Mapitio ya kazi tangulizi yanatiririka kama maji, halafu unafuatilia chanzo kimoja kilichotajwa na unakuta makala hiyo haipo duniani. Nimejaribu programu za kuwanasa nikaziacha. Zinamtuhumu asiye na hatia, hasa anayeandika kwa lugha ambayo si ya kwao, naye hana namna ya kujitetea. Njia pekee iliyonisaidia ni ya kizamani: namwita mwanafunzi, nafunga kompyuta, namwambia nieleze sura yako ya pili kwa maneno yako, kwa lugha unayoota nayo. Aliyesoma anaeleza, hata akijikwaa. Ambaye hajasoma anajua ndani ya dakika tatu kwamba nimejua, na mara nyingi hapo ndipo kazi ya kweli inapoanza kati yetu. Lakini njia hii inakula saa moja kwa kila mwanafunzi kwa kila sura, na saa hizo nazo hazina kisanduku.

Nitasema jambo ambalo huenda likashangaza: nilipoliona lile kosa la 57 na 60, chini ya hasira palikuwa na faraja. Kosa lile lilikuwa la mtu. Alikuwa amekusanya data kwa miguu yake, ameogopa kwa moyo wake, ameficha kwa mikono yake, na amesahau kubadili namba kwenye sura ya tatu. Mtu wa namna hiyo anafundishika.

Nilimwambia awarudie wale watatu. Ni rahisi kuandika hivyo, na nataka kueleza ilimgharimu nini, kwa sababu ushauri mzuri wa msimamizi hulipwa na mwanafunzi. Kurudi kwa wahojiwa kulihitaji kibali kipya cha kamati ya maadili ya utafiti, maana ridhaa waliyotoa mwanzo ilikuwa ya kujaza hojaji mara moja tu. Kibali kilichukua wiki saba. Tarehe ya kutetea tasnifu ikapita. Akalazimika kujiandikisha muhula mwingine na kuulipia ada. Wenzake wakahitimu, akaziona picha zao kwenye simu. Siku moja aliniandikia ujumbe mfupi: "Mwalimu, ningebadili tu ile 60 ningekuwa nimemaliza." Nilikaa na ujumbe ule mchana mzima kabla ya kujibu. Alikuwa anasema kweli.

Nikamjibu kwamba ni kweli, na kwamba uamuzi ni wake. Sikumficha kwamba kwa upande wangu kila muhula anaochelewa ni muhula wa sifuri kwenye kile kisanduku, kwa hiyo hata mimi ningefaidika akifunika. Nilitaka aone kwamba wote wawili tunavutwa upande mmoja na kitu kilekile. Hakujibu siku mbili. Siku ya tatu akaja na maswali kumi na moja aliyotaka kuwauliza, ameyaandika kwa mkono. Tukayakata yakabaki manne.

Ninachodai kwa vyuo si kigumu. Makala zangu tano zilizo bora zisomwe na mtu, badala ya zote ishirini kuhesabiwa. Tamko la San Francisco la mwaka 2013 limekwisha kusema kwamba kazi ipimwe kwa kilichomo ndani yake, sio kwa jarida ililotokea, na taasisi nyingi zimeweka saini. Saini ikifika kwenye fomu, tutaamini. Usimamizi uingizwe kwenye mgawo wa saa kama mhadhara unavyoingizwa, na rasimu moja yenye maoni yangu pembeni ikubaliwe kuwa ushahidi wa kazi, kama slaidi zinavyokubaliwa. Mhadhiri anayebadili darasa apewe angalau mwaka mmoja ambao alama za wanafunzi hazitatumiwa dhidi yake. Na asiyeweza kusimamia zaidi ya wanafunzi sita asipewe kumi na nne. Mimi niliomba nibaki na sita. Nilikataliwa, nikapewa tisa, na watatu kati yao ninawasoma kwa pupa, wanajua, nami najua.

Kwenye darasa langu la saa mbili nimeanza tena, kwa hatua ndogo. Theluthi moja ya slaidi nimeitupa. Mahali pake, kwa ruhusa ya mwenye utafiti, nawaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza jedwali lenye mistari 60, yote namba tupu, nawauliza: mngefanya nini na hawa watatu? Mara ya kwanza kelele zilijaa ukumbi mpaka mlinzi akachungulia mlangoni. Kijana mmoja wa mstari wa nyuma, ambaye sikuwahi kumwona uso, alisimama akasema tusiwatoe mpaka tujue wanaishi vipi.

Waliishi hivi. Namba 31 alikuwa akifanya kazi za usiku na analala mchana, wakati wa mihadhara. Alisikiliza rekodi zake akiwa zamu, kipande kwa kipande, anarudia pale asipoelewa. Namba 17 na namba 52 walikuwa wa kundi moja la kujisomea. Mwenzao mmoja alihudhuria kila kitu, na jioni aliwafundisha wengine upya, ubaoni, wakibishana naye mpaka waelewe. Hawakudanganya kwenye hojaji. Hojaji ndiyo iliyouliza umehudhuria mara ngapi, haikuuliza umejifunzia wapi.

Wiki iliyopita aliniletea sura ya nne mpya. Jedwali linajumlisha 60. Chini yake kuna aya inayoanza, "Wahojiwa watatu hawakufuata mkondo huu," kisha kurasa sita ambazo ndizo bora kuliko zote alizowahi kuandika. Nilizisoma mbele yake, kalamu nyekundu mkononi, yeye ameketi palepale ukingoni mwa kiti. Nilipofika mwisho nilirudi kwenye ukurasa unaoeleza kundi la kujisomea, nikaandika pembeni swali moja, nikamgeuzia karatasi.

"Yule aliyekuwa akiwafundisha wenzake jioni, yumo kwenye wale 60?"

Aliinama kuangalia. Kisha akauvuta mkoba, akatoa kiambatisho, akaanza kupitisha kidole kwenye namba, kutoka 1.